Kabla hamjawaambia vijana wetu waende kucheza sumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu ya michezo kuhusu utajiri wa wapiganaji wa sumo, ile mieleka ya Kijapani. Mwandishi wenu alimsifu Aonishiki, kijana wa Ukraine aliyetwaa ubingwa wa Novemba 2025 kule Fukuoka, akataja mishahara ya wakubwa wa mchezo huo, kisha akauliza kwa nini vijana wetu wenye miili mikubwa wanashinda vijiweni wakati Japani kuna pesa.

Makala hiyo ilifika Tanga kabla sijaisoma mimi hapa Nagoya. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 mwenye kifua na mapaja ya kweli, alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Nitafutie kambi ya sumo huko, si wewe uko jirani nao?" Nilipoanza kumweleza ugumu wake akanikatiza: "Mjomba, mtaka cha mvunguni si huinama?" Ainame, sina neno. Lakini kwanza ajue mvunguni kuna nini, na hilo ndilo gazeti lenu halikumwambia.

Ni kweli niko jirani nao. Kazi yangu ni kununua magari ya mtumba kwenye minada ya huku na kuyapakia melini kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Kila Julai mashindano makubwa ya sumo hufanyika Nagoya, na kambi zote hutoka Tokyo na mikoa ya jirani yake kuja kupanga mjini na vitongojini, nyingi zikikaa kwenye mahekalu ya Kibudha. Uani hujengwa ulingo wa udongo chini ya turubai, na kwenye baadhi ya mahekalu jirani wanaruhusiwa kutazama mazoezi ya asubuhi, mradi wakae kimya. Moja ya kambi hizo hupanga karibu na yadi ninapoegesha magari. Nimewapenda watu hawa kwa miaka mingi, na ndiyo maana sipendi waelezwe nusunusu.

Niseme kwanza habari ya pesa, maana ndiyo iliyomkosesha mpwa wangu usingizi. Sumo ya kulipwa ina wapiganaji takriban 600, waliopangwa katika madaraja 6. Orodha yao, inayoitwa banzuke, hupangwa upya kwa kila mashindano, mara 6 kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba Tokyo, Machi Osaka, Julai hapa Nagoya, Novemba Fukuoka. Wanaolipwa mshahara ni madaraja mawili ya juu pekee, yaani makuuchi yenye watu 42 na juryo yenye watu 28. Hao 70 ndio walioandikwa kwenye makala yenu. Mtu wa juryo hupata yen milioni 1.1 kwa mwezi, na yokozuna, cheo cha juu kabisa, yen milioni 3. Wengine wote waliobaki, mia tano na ushee, hawana mshahara kabisa. Wanapewa chakula, mahali pa kulala, na posho kila mashindano yanapofika. Kwa aliye daraja la mwisho kabisa, jonokuchi, posho hiyo ni yen 77,000 kwa miezi miwili. Mimi nalipa kodi ya nyumba hapa Nagoya. Hizo pesa hazitoshi kukodi chumba kidogo kwa miezi hiyo miwili, sembuse kutuma kwa mama Tanga.

Na wengi hawafiki juryo maisha yao yote. Kuna wanaume wa miaka zaidi ya 30 wanaolala ukumbi mmoja na vijana waliomaliza shule jana, wakifagia na kupika, kwa sababu hawajawahi kuvuka mstari ule. Mstari wenyewe ni mwembamba. Chini ya juryo unapigana mara 7 katika mashindano. Ukishinda 4 unapanda, ukishinda 3 unashuka. Kwa hiyo pambano moja la sekunde chache linaweza kuamua kama mwezi ujao una mshahara au huna, kama una chumba chako na vijana wa kukubebea mizigo, au wewe ndiye unarudi kubeba ya wenzako. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba baadhi ya wapiganaji, wengi wao wa juryo, walikuwa wakiuziana na kupangiana matokeo kwa ujumbe wa simu. Chama cha Sumo kikafuta mashindano ya Machi ya Osaka, na zaidi ya watu ishirini wakaondolewa. Siwatetei. Ila anayetaka kuelewa kwa nini ilitokea palepale juryo na si kwingine, atazame pengo hilo la mshahara.

Sasa maisha yenyewe. Wa vyeo vya chini huamka kabla jua halijatoka na kuingia ulingoni bila kula chochote. Kwanza ni shiko: kuinua mguu mmoja juu kabisa, kuushusha kwa kishindo, kisha mwingine, mamia ya mara. Halafu kusukuma gogo kwa viganja. Halafu kuteleza nyayo udongoni bila kuziinua. Halafu mmoja anasimama kifua wazi, mwenzake anamkimbilia na kumsukuma mpaka ukingoni, anaangushwa, anabiringika, anainuka, anarudia mpaka pumzi inakuwa mlio. Wenye vyeo huja baadaye, wameshalala vya kutosha. Mazoezi yakiisha, hao hao wadogo ndio wanaopika chanko, ile sufuria kubwa ya nyama, samaki, mboga na tofu. Wanakula kwa vyeo: mkuu wa kambi, oyakata, na wakubwa kwanza, wageni, kisha wanaofuata. Mdogo kabisa anasimama pembeni akiwapakulia wenzake, na zamu yake ikifika sufuria imebaki mchuzi na majani ya kabichi. Baada ya hapo anaosha vyombo, na ndipo wote hulala mchana ili chakula kishike mwilini.

Mpwa wangu aliniuliza atavaa nini. Nywele zitakuzwa na kufungwa juu kwa mafuta mazito yenye harufu tamu. Ukipanda treni na mpiganaji wa sumo utaijua harufu hiyo kabla hujamwona mwenyewe. Wa madaraja mawili ya chini kabisa huvaa yukata, vazi jepesi la pamba, na viatu vya mbao, Januari yenye baridi kali kama Julai. Koti ni haki ya aliyepanda cheo. Na hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari, awe yokozuna, awe mwanafunzi wa juzi. Huku Nagoya utawaona wakipita kwa baiskeli, matairi yamelala kwa uzito.

Hilo la gari linanifikisha kwa mtu ambaye mwandishi wenu hakumtaja, na alipaswa kumtaja wa kwanza, kwa kuwa ni Mwafrika. Abdelrahman Shaalan wa Misri, aliyepewa jina la ulingoni Osunaarashi. Alikuja Japani mwaka 2011. Kambi kadhaa zilimkataa, mpaka kambi ya Otake ikamkubali. Machi 2012 akaanza chini kabisa, akiwa na umri wa miaka 20, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa, tena Mwislamu. Alipanda upesi ajabu. Julai 2013 akaingia juryo, na mashindano yake ya kwanza akiwa mtu wa mshahara yalikuwa hapa hapa Nagoya, katika mwezi wa Ramadhani.

Wasomaji wa pwani wanajua funga. Sasa waifikirie Nagoya ya Julai: adhana ya alfajiri inafika saa tisa na ushei usiku, magharibi ni saa moja jioni, joto ni la unyevu linalofanya lami inate viatu. Mtu anafanya mazoezi asubuhi na anapigana alasiri bila tone la maji, dhidi ya mtu wa kilo mia na hamsini aliyekula akashiba. Osunaarashi alifunga, na akamaliza mashindano yale akiwa na ushindi mwingi kuliko alivyopoteza. Msikitini Nagoya, pale wilaya ya Nakamura, tulikuwa tukisubiri futari, Wapakistani, Waindonesia, Waarabu na sisi wachache wa Afrika Mashariki, na mazungumzo yalikuwa yake tu. Wapo waliojua sumo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya yule kijana.

Novemba mwaka huo akaingia makuuchi. Julai 2014, tena Nagoya, tena Ramadhani, akawaangusha yokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo: Kakuryu, kisha Harumafuji. Mpiganaji wa maegashira, cheo cha chini ndani ya makuuchi, akimshinda yokozuna hupewa nyota ya dhahabu, ambayo humwongezea malipo katika kila mashindano kwa muda wote atakaobaki katika madaraja ya mshahara. Osunaarashi alizipata mbili kwa saa arobaini na nane. Nilikuwa nimefungua televisheni dukani kwa Mpakistani mmoja, na sote tulisimama.

Kisha magoti. Goti la mtu wa sumo hubeba mwili wote huku likisokotwa pembeni, na la Osunaarashi liliharibika. Alikosa mashindano, akashuka hadi juryo, akapanda, akashuka tena. Januari 2018, mkoani Nagano, akapata ajali akiendesha gari bila leseni ya Japani. Machi mwaka huo Chama cha Sumo kikamtaka aondoke, akaondoka. Alikuwa na miaka 26. Kosa lilikuwa lake na sheria aliijua. Lakini mimi ninayeuza magari kila siku iliniuma sana, na bado inaniuma, kuona kijana wa kwanza wa bara letu akimaliza namna ile.

Mwandishi wenu hakugusa kabisa suala la kuumia. Zamani, kuanzia mwaka 1972, aliyeumia ulingoni aliweza kukosa mashindano yaliyofuata bila kushushwa cheo. Utaratibu huo ulifutwa na ulikoma kuanzia Januari 2004. Leo ukikosa unahesabiwa umeshindwa, na banzuke inakuteremsha. Ndiyo maana mnaona watu wakipanda ulingoni wamefungwa bendeji kutoka nyonga hadi kifundo. Terunofuji wa Mongolia alitwaa ubingwa mwaka 2015 akapandishwa kuwa ozeki, cheo cha pili kwa ukubwa. Magoti yakavunjika, kisukari kikamshika, akashuka mpaka daraja la jonidan, la pili kutoka chini, Machi 2019. Mtu aliyewahi kuwa ozeki akarudi kupigana asubuhi viti vikiwa vitupu. Aliomba kuacha, na mkuu wake wa kambi akamkatalia, akimtaka apone kwanza. Julai 2020 akarudi makuuchi na kutwaa ubingwa katika mashindano hayohayo, na baada ya mashindano ya Julai 2021, ya hapa Nagoya, akawa yokozuna wa 73. Alistaafu Januari 2025 akiwa na mataji 10. Nampenda Terunofuji kuliko wote niliowahi kuwaona, lakini yeye ndiye wa kwanza katika historia kurudi namna hiyo. Wengine wenye magoti kama yake walikwenda nyumbani.

Wengine hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Machi 2021, Hibikiryu, kijana wa miaka 28 wa daraja la sandanme, la tatu kutoka chini, aliangukia kichwa na kulala kifudifudi ulingoni kwa dakika kadhaa kabla ya kubebwa kwa machela. Akafariki mwezi uliofuata. Na mwaka 2007, katika mji wa Inuyama jirani na hapa, ambako kambi moja ilipanga kwa ajili ya mashindano ya Nagoya, kijana wa miaka 17 aliyekuwa amejiunga miezi michache tu nyuma alipigwa na wenziwe mpaka akafa. Alikuwa amejaribu kutoroka. Mkuu wa kambi alifungwa jela. Tangu hapo Chama kimeweka kanuni dhidi ya ukatili, na hata yokozuna Harumafuji alijiuzulu Novemba 2017 baada ya kumpiga mpiganaji mdogo kwenye kikao cha usiku huko Tottori. Mambo yamebadilika, nayaona. Lakini mama wa Tanga anayemtoa mwanawe ana haki ya kuyasikia haya kutoka gazetini, asije akayasikia kwa simu.

Kuna na hesabu ya milango. Kambi ziko takriban 45, na kila moja inaruhusiwa kuandikisha mpiganaji mmoja tu mgeni kutoka nje ya Japani. Hata akichukua uraia wa Japani bado anahesabiwa mgeni kwenye nafasi hiyo. Nafasi hizo chache zinagombewa na Wamongolia waliolelewa na mieleka tangu utotoni, na wengi wao huletwa kusoma sekondari za Japani zenye timu za sumo. Hakuhō, mwenye mataji 45, wingi ambao hakuna aliyewahi kuufikia, alikuja mwaka 2000 akiwa na miaka 15 na kilo 62, na nusura arudishwe Mongolia kwa kukosa kambi, huku baba yake akiwa mshindi wa medali ya fedha ya mieleka ya Olimpiki ya 1968. Umri nao una mwisho: kwa kawaida uwe hujatimiza 23. Hakuna mkalimani kambini. Kijapani utajifunza kwa kukemewa.

Na baada ya kustaafu? Anayetaka kubaki katika Chama kama oyakata anahitaji mojawapo ya majina 105 ya wazee wa sumo, na lazima awe raia wa Japani. Terunofuji na Hakuhō wote waliuacha uraia wa Mongolia kwa ajili hiyo. Nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo mpwa wangu angelazimika kuchagua. Wote hukatwa kile kishungi cha nywele, na wasio na jina la uzee hufungua mgahawa wa chanko, au huanza maisha mapya wakiwa na miaka 30 na magoti ya mzee.

Mhariri, liko jambo moja la haraka kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kunyamaza. Siku chache baada ya makala yenu, mtu mmoja mjini alimwambia mpwa wangu kwamba anaweza kumwunganisha na kambi ya sumo akilipa pesa ya fomu na ya "mtihani wa mwili". Naomba mliandike hili kwa herufi kubwa: kujiunga na sumo hakuna ada. Kambi inampa mwanafunzi mahali pa kulala, chakula na mavazi, na Chama kinaipa kambi ruzuku kwa kila mpiganaji inayemlea. Oyakata anayemtaka kijana huzungumza na wazazi wake mwenyewe, uso kwa uso au kwa simu, na humtaka aje kwanza kukaa kambini aonekane. Yeyote anayedai hela Tanga, Dar au Mombasa kwa ajili ya sumo ni tapeli, na makala yenu imempa sokoni bidhaa ya kuuza.

Sisemi vijana wetu wasije. Mmisri yule alionyesha kwamba mwili na moyo wa Kiafrika vinaweza kusimama mbele ya yokozuna. Nasema aje anayejua kwamba miaka miwili, mitatu au kumi ya mwanzo ni ya kufagia bila mshahara, na kwamba huenda isiishe. Tena aje akiwa amejifunza kuanguka. Zanzibar kuna judo inayofundishwa vizuri kwa miaka mingi. Kijana anayetamani ulingo wa Japani aanzie huko.

Mpwa wangu nimemwambia amalize kozi yake ya umeme wa magari VETA. Akiimaliza na bado anataka, nitamlipia tiketi aje Julai atazame mazoezi alfajiri, na mazungumzo na oyakata nitayafanya mimi, kwa Kijapani, bila senti ya mtu. Dada yangu amekubali. Kijana mwenyewe amenuna, ila ameanza kukimbia ufukweni asubuhi.

Kwenu ninaomba mchapishe jedwali la madaraja 6 na malipo ya kila daraja, palepale mlipochapisha picha ya yokozuna, pamoja na onyo kuhusu ada za uongo. Takwimu nikihitajika kuzisaidia nitazisaidia.

Wenu msomaji,
Mtanga wa Nagoya,
Nagoya, Japani